Miwani Haikumuua Chekhov, Tazameni Farasi

Mwanamume anaingia jukwaani akiendesha pikipiki ya magurudumu manne, ile wanayozungukia mashamba wakulima wa Ulaya. Anashuka, anashika gitaa, anawauliza watazamaji kama wako tayari kwa Chekhov kidogo, kisha anaanza kuimba. Hivyo ndivyo Shakwe, tamthilia ambayo Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, aliiandika mwaka 1895, ilivyofunguliwa katika ukumbi wa Barbican jijini London mapema mwaka 2025. Thomas Ostermeier wa Ujerumani ndiye aliyeongoza, naye Cate Blanchett akacheza Arkadina, mwigizaji maarufu asiyekubali kwamba umri umekwenda. Katikati ya jukwaa palikuwa na kichaka cha matete ambamo wahusika walitokea na kupotelea. Palikuwa na vipaza sauti na sigara za kielektroniki, na ulipofika wakati wa mchezo alioutunga kijana Konstantin, mwana wa Arkadina, wahusika walivaa miwani ile mikubwa ya kidijitali inayoziba macho na kukuonesha dunia nyingine. Watu wakagawanyika, kama ilivyotarajiwa. Wapo waliotoka wakisema hatimaye Chekhov amefunguliwa madirisha, na wapo waliotoka wamenuna, wakisema mzee wa watu amefanyiwa dhihaka. Wahakiki nao hawakukubaliana.

Nimefuatilia mabishano hayo kwa hamu, na nadhani yameshika mahali pasipo. Watetezi na wapinzani wote walisimama mbele ya miwani, mmoja akiisifu na mwingine akiilaani, kana kwamba swali ni mtu wa mwaka 1896 anaruhusiwa kuvaa nini mwaka 2025. Tamthilia za Chekhov hazikujengwa juu ya nguo wala birika la chai la Kirusi. Zimejengwa juu ya vitu ambavyo watu wamenyimwa: farasi wa kuwafikisha stesheni, rubo chache za kununulia koti, haki ya kuuza au kutouza shamba. Vifungo hivyo vikibaki, wahusika wanaweza kuvaa kanzu, suti au kaptula na mchezo ukasimama. Vikifunguliwa, hata ukileta birika lenyewe kutoka Moscow utakuwa umeleta pambo. Kwa hiyo katika onyesho lile la London, kilichonisumbua mimi si miwani. Ni pikipiki. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza turudi nyuma kidogo, maana wanaomtetea Chekhov wa zamani mara nyingi hawamkumbuki Chekhov wa zamani.

Shakwe ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1896, katika ukumbi wa Alexandrinsky, St. Petersburg, nayo ikaanguka vibaya. Usiku ule ulikuwa wa heshima kwa mwigizaji wa vichekesho aliyeitwa Levkeeva, na watu walikata tiketi kwa ajili yake. Yeye hakuwamo kabisa katika Shakwe. Alikuwa acheze kichekesho kingine baadaye usiku uleule. Fikiria umeketi unangoja kucheka, halafu msichana anasimama mbele ya ziwa la kuchorwa na kuanza kutamka maneno kuhusu roho ya ulimwengu baada ya viumbe vyote kutoweka. Watu walicheka, wakazomea. Chekhov aliondoka ukumbini, akazurura mitaani, kesho yake akapanda treni kurudi nyumbani, akiapa kwamba hata akiishi miaka 700 hatatoa tena tamthilia. Mchezo huohuo, pamoja na Vera Komissarzhevskaya yuleyule kama Nina, msichana yule wa ziwani, ulipooneshwa tena siku chache baadaye, ulipokewa vizuri. Hakuna kilichobadilika jukwaani kiasi hicho. Waliobadilika ni watu waliokuwa vitini na sababu iliyowaleta. Nayakumbuka hayo kila nikisoma mtu akilalamika kwamba ukumbi wa Barbican ulijaa watu waliofuata sura ya Blanchett, wakacheka mahali pasipochekwa. Malalamiko hayo yana umri sawa na tamthilia yenyewe.

Desemba 1898 Shakwe ikafufuka Moscow, katika ukumbi mpya wa sanaa ulioanzishwa na waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko, na picha ya ndege yule ikawa alama ya ukumbi huo. Hapo ndipo ilipozaliwa ile namna ya kuigiza Chekhov ambayo wengi leo wanaiita ya asili: ukimya mrefu, mwanga wa jioni, na nyenje na vyura wakilia nje ya dirisha. Lakini Chekhov mwenyewe aliwadhihaki vyura hao. Stanislavski anasimulia jinsi mwandishi alivyotania kwamba ataandika mchezo mpya utakaoanza kwa mtu kusema, jinsi gani palivyo kimya, hakuna ndege wala mbwa wala nyenje. Mwaka 1904, walipoonesha Shamba la Micheri, ugomvi ukawa wa wazi. Mwandishi alisema ameandika komedia. Mwongozaji alilia aliposoma, akaiongoza kama msiba. Chekhov alimwandikia mkewe, Olga Knipper, aliyekuwa akicheza ndani yake, kwamba kitendo cha nne kilipaswa kuchukua dakika 12 na pale kinaburutwa kwa dakika 40, na kwamba Stanislavski ameuharibu mchezo wake. Miezi michache baadaye akafariki. Basi anayesema leo kwamba Chekhov achezwe kama alivyotaka, aseme pia ni Chekhov gani. Wa barua, au wa vyura?

Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote upande wa wahafidhina, nami naiondoa mapema ili tusipoteze muda nayo. Nguo walizovaa waigizaji mwaka 1898 hazikuwa nguo za kale. Zilikuwa nguo za wakati huo, ambazo mtazamaji angeweza kuwa amevaa mwenyewe. Aliyekaa kitini alikuwa anaangalia watu wa mwaka wake. Kumvalisha Arkadina gauni la 1896 leo ni uamuzi mpya wa mwongozaji, kama ulivyo uamuzi wa kumvalisha ovaroli, kwa sababu gauni lile sasa linasema “zamani”, neno ambalo Chekhov hakuliandika. Halafu kuna miwani yenyewe. Konstantin ni kijana anayetaka maumbo mapya ya sanaa. Amechoshwa na majukwaa yenye vyumba vya kuta tatu ambamo watu wanaoneshwa wakila, wakinywa, wakitembea na koti zao. Mchezo wake una macho mekundu na harufu ya kiberiti, na mama yake anauliza kwa kejeli kama harufu hiyo nayo ni lazima. Kwa maneno mengine, Chekhov ametia ndani ya Shakwe onyesho la kisasa linaloudhi watu, pamoja na mhakiki anayelibeza ambaye ni mama mzazi wa msanii, na daktari mmoja mwenye moyo anayesema kuna kitu mle. Kiberiti cha 1896 leo hakimshtui mtu. Miwani inashtua. Tena inafanya jambo ambalo kiberiti hakikuweza: kila mtu anafungiwa peke yake, na mama anakaa mbele ya mwanawe bila kumuona. Sidhani kama kuna mtu angeweza kuuonesha uhusiano ule kwa ufupi zaidi.

Lakini wahafidhina wana hoja moja nzito, na watetezi wa mambo mapya huwa wanaipita mbio. Nayo ni kwamba ukiondoa wakati, unaondoa sababu. Chukua Shamba la Micheri. Lopakhin, mfanyabiashara anayelinunua shamba mwishoni, ni mtoto na mjukuu wa watumwa wa ardhi ileile. Anapiga kelele kwamba amenunua mahali ambapo baba na babu yake hawakuruhusiwa hata kuingia jikoni. Mfumo huo wa watu kumilikiwa pamoja na ardhi ulifutwa Urusi mwaka 1861. Tamthilia ni ya 1904. Walioketi ukumbini walikuwa na babu zao wa kuwafikiria, na mwandishi pia: babu yake Chekhov, Yegor, alinunua uhuru wa familia yake mwaka 1841. Zaidi ya hapo, mwaka 1876 baba yake alifilisika, akakimbilia Moscow, na nyumba yao ya Taganrog ikachukuliwa na mtu aliyekuwa mpangaji wao na rafiki wa familia. Kwa hiyo Chekhov alikuwa na Lopakhin pande zote mbili, katika damu yake na katika hasara yake. Mwongozaji akimgeuza mtu huyu kuwa dalali tu wa viwanja mwenye simu mbili, tunabaki na habari ya mauziano. Uchungu unakwenda wapi? Hapo wahafidhina wana haki, na wanaowaita wazee waliochoka hawawatendei haki.

Benedict Andrews alipoiongoza tamthilia hiyo katika ukumbi mdogo wa Donmar, London, mwaka 2024, alicheza karata ngumu: nguo za leo, lugha ya leo, waigizaji wamekaa miongoni mwa watazamaji wakisubiri zamu zao. Gaev, kaka wa mwenye shamba, kuna mahali anahutubia kabati la vitabu lililotimiza miaka 100. Pale Donmar kabati lilikuwa mtazamaji aliyechaguliwa kutoka kitini. Watu walicheka sana. Jukwaa na ukuta vilifunikwa mazulia. Shamba linapouzwa, mazulia yale yanang'olewa, na unaona mbao tupu chini yake. Adeel Akhtar, aliyecheza Lopakhin, hakuhitaji kanzu ya mkulima wa Kirusi ili nielewe kwamba mtu huyu anasimama juu ya kitu ambacho jana alikuwa haruhusiwi kukikanyaga. Nalitaja onyesho hili kwa sababu lilibadilisha karibu kila kitu isipokuwa deni. Mnada ulibaki tarehe 22 Agosti na ulikuja kama unavyokuja mnada wowote, hatua kwa hatua, wenyewe wakizungumzia mambo mengine.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, na inanikera zaidi kwa sababu ndiyo inayotumika kuuzia tiketi: kwamba Chekhov anafanywa wa kisasa ili vijana wamwelewe. Kijana haelewi nini hasa? Mama bahili? Msichana anayempenda mwandishi maarufu, akatumiwa na kutupwa? Nakumbuka mara ya kwanza kuisoma Shakwe, nilikuwa ndani ya basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Nilifika kwenye ugomvi wa farasi nikacheka kwa sauti. Abiria wa pembeni akauliza nacheka nini. Nikamweleza: kuna mama mwenye pesa yuko shambani kwa kaka yake, anataka usafiri aende mjini, na msimamizi wa shamba anamjibu kwamba usafiri wote umekwenda kubeba mavuno. Yule abiria hakucheka. Akasema, “Huyo msimamizi namjua.” Sikuhitaji kumtafutia miwani.

Na kabla hatujaendelea kugombana juu ya uaminifu kwa maandishi, tukumbuke kwamba karibu kila mtu anayegombana London hajayasoma. Amesoma tafsiri. Kirusi kinamwita ndege yule chaika, na chaika anaweza kuwa wa ziwani. Kiingereza kikamwongezea bahari katika jina lake, ilhali hakuna bahari katika tamthilia nzima. Sisi tukisema shakwe, mtu wa pwani anawaona wale wa forodhani wanaogombea utumbo wa samaki, na mtu wa Mwanza ana wake wa ziwani. Wakati mwingine lugha yetu inapata kitu ambacho wengine wamepoteza. Yule Vanya wa tamthilia nyingine ya Chekhov, ambaye Warusi na Waingereza wanamwita kwa neno linaloweza kuwa baba mdogo, baba mkubwa au mjomba, kwa Kiswahili hana njia ila kuwa mjomba, kwa kuwa ni kaka wa marehemu mama yake Sonya. Na kwa neno hilo moja umeshaijua nusu ya kesi: shamba lilinunuliwa na baba yake huyo mama ili aingie nalo katika ndoa, kwa hiyo kisheria ni la Sonya, na profesa anayetaka kuliuza ni shemeji tu aliyefika. Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, akaichapisha mwaka 1969, aliita Mabepari wa Venisi. Neno mfanyabiashara lilikuwepo, na yeye alilijua. Ilikuwa miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, naye akachagua bepari, tena kwa wingi. Huko nako ni kuifanya tamthilia ya kale iwe ya leo, bila taa wala miwani, na sijasikia mtu akidai arudishiwe tiketi.

Sasa turudi kwenye pikipiki. Anayeingia nayo pale Barbican ni Medvedenko. Katika maandishi ya Chekhov huyu ni mwalimu wa shule ya kijijini. Mshahara wake ni rubo 23 kwa mwezi, na hapo bado hawajakata za pensheni, na kwa hizo anamtunza mama yake, dada wawili na mdogo wake wa kiume. Anampenda Masha, binti wa msimamizi wa shamba, na ili kumuona anatembea versti 6 kwenda na versti 6 kurudi, yaani zaidi ya kilomita 12 kwa siku. Ni karibu maneno yake ya kwanza tunayoyasikia. Masha anamjibu kwamba si suala la pesa, hata maskini anaweza kuwa na furaha, na yeye anasema hiyo ni nadharia, vitendoni mambo ni mengine. Sina shida na gitaa lake. Lakini mtu huyu ametambulishwa kwetu kwa miguu yake. Umaskini wake unapimwa kwa versti. Ukimpa injini katika dakika ya kwanza umemfanya mcheshi wa kijiji, na mcheshi tunampenda, tunampigia makofi, hatujiulizi anarudije nyumbani. Mtu anaweza kunijibu kwamba pikipiki ya shamba ni chombo cha kazi, wala si anasa, na kwamba mfanyakazi wa leo huko Uingereza anaweza kuwa na pikipiki na bado akawa hana senti. Ni kweli. Lakini basi onesha kinachombana. Petroli imekwisha? Pikipiki ni ya mwajiri? Mtu akibadilisha miguu kwa magurudumu, deni la maelezo linakuwa juu yake.

Nasisitiza hili kwa sababu Shakwe, ukiisoma ukiwa na kalamu mkononi, ni kama daftari la hesabu. Arkadina ana rubo 70,000 benki, huko Odessa. Mwanawe amevaa koti moja kwa miaka 3. Kaka yake, Sorin, anamwomba ampe kijana pesa kidogo ashone nguo, naye anasema hana, kisha analia kwamba yeye ni mwigizaji, si mwenye benki. Anapoondoka anampa mpishi rubo 1 na kumwambia wagawane watatu. Sorin mwenyewe, ndiye mwenye shamba, analalamika kwamba msimamizi anaimeza pensheni yake yote kwenye kilimo, nyuki wanakufa, ng'ombe wanakufa, na farasi hapewi hata siku moja. Hebu litazame hilo: mwenye shamba hapewi farasi wake. Katika kitendo cha pili Arkadina anapowataka, Shamrayev, msimamizi, anauliza atatoa wapi vifaa vya shingoni vya kuwafungia. Arkadina anatishia kwamba ataondoka leo hii na kwamba atakwenda stesheni kwa miguu. Hakwenda. Safari ambayo kwake ni tishio la hasira, kwa mwalimu ni ya kila siku.

Hapa ndipo penye mtihani kwa kila anayetaka kuileta tamthilia hii kwenye zama za simu. Kwa nini Arkadina asibonyeze simu, gari likaja baada ya dakika 10? Ukishindwa kunijibu, kitendo cha pili kimekufa, na cha tatu kitakifuata, kwa sababu kubaki kwake ndiko kunakomfanya mpenzi wake Trigorin, yule mwandishi maarufu, abaki, na kubaki kwa Trigorin ndiko kunakomponza Nina. Anya Reiss, alipoiandika upya mwaka 2012 akiwa bado binti mdogo, alilijibu kwa njia rahisi mno: aliipeleka kwenye Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Kisiwani huondoki kwa kununa. Msomaji wa Pemba au Mafia hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Jamie Lloyd akaichukua kazi hiyo mwaka 2022, akaondoa mapambo yote, akabakiza waigizaji juu ya viti vya plastiki ndani ya boksi la mbao za bei nafuu. Kwa macho lilikuwa geni kuliko la Ostermeier. Kwa vifungo lilikuwa karibu zaidi na Chekhov.

Mfano wenye nguvu kuliko yote, kwangu, ni Dada Watatu ya Inua Ellams, iliyooneshwa National Theatre, London, kuanzia Desemba 2019. Wale dada wa Chekhov wanatamani kurudi Moscow na hawarudi, na watazamaji wengi kwa miaka zaidi ya mia wamenong'ona: kateni tiketi basi, treni ipo. Ellams, aliyezaliwa Nigeria, aliwahamishia Owerri, kati ya mwaka 1967 na 1970, ndani ya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria. Mji wanaoutamani ni Lagos. Ghafla hakuna tena anayenong'ona kuhusu tiketi, kwa kuwa kati yao na Lagos kuna mstari wa vita. Wifi yao, ambaye kwa Chekhov ni Natasha, msichana wa tabaka la chini anayechekwa kwa mkanda wake wa kijani na baadaye akaitwaa nyumba chumba baada ya chumba, kwa Ellams ni Myoruba aliyeolewa katika nyumba ya Waigbo, na ile dharau ya mkanda inapata jina lake halisi. Wapo waliosema mchezo ulibeba historia nyingi kuliko wahusika walivyoweza kuitua, na mahali pengine nakubaliana nao. Kuna nyakati mhusika anaacha kuzungumza na dada yake na kuanza kutufundisha sisi. Lakini kifungo kimekaza. Kwa Mtanzania kuna jambo la ziada: nchi yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Wale dada, kama wangekuwa na redio, wangelisikia jina la Dar es Salaam usiku ule kwa furaha ambayo sisi tumeshaisahau.

Kwa hiyo naona maswali ya wahakiki wetu yamekosewa mpangilio. Simon Stephens alipoandika Vanya kwa ajili ya Andrew Scott mwaka 2023, mtu mmoja akicheza wahusika wote, mshangao uliishia kwenye idadi: mtu mmoja, sauti nane! Onyesho likapata tuzo ya Olivier, ya maigizo ya London, mwaka uliofuata. Lakini uamuzi mwerevu zaidi wa Stephens ulikuwa mdogo na haukupigiwa kelele: yule profesa akawa mwongozaji wa filamu. Mjomba Vanya amefanya kazi ya punda kwa miaka, akituma pesa za shamba zimlishe shemeji anayedhaniwa kuwa na kipaji. Karne iliyopita watu walikiinamia kitabu cha profesa. Leo wanaiinamia skrini. Kifungo kimehamishwa bila kulegezwa hata uzi mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kutowaachia watunza makumbusho neno hili “uaminifu”. Urusi kwenyewe jambo hili si suala la ladha tu. Timofey Kulyabin, mwongozaji wa Novosibirsk, mwaka 2015 alionesha Dada Watatu yote kwa lugha ya alama, maneno yakiandikwa juu ya jukwaa, na nyumba ile ikajaa watu wanaoonana lakini hawasikilizani. Mwaka huohuo alifikishwa mahakamani kwa sababu ya opera aliyoiongoza, Tannhäuser ya Wagner, akituhumiwa kuwaudhi waumini. Mahakama ilimwachia, lakini mkurugenzi wa nyumba ya opera alifukuzwa kazi. Wanaolia London kwamba kazi za kale zilindwe wanalia kwa hisani. Kuna mahali kilio hichohicho kinapigwa muhuri na wizara.

Na kwa wenzetu wanaofikiria siku moja kuipandisha Shakwe kwa Kiswahili, kama Mrusi mwingine, Gogol, alivyokwishapata Mkaguzi Mkuu wa Serikali wake, ningeomba wasianze na nguo. Waanze na orodha: nani ana pesa, ziko benki gani, nani anamwomba nani, gari ni la nani na funguo anazo nani. Wakishaijaza, wavae wapendavyo. Wakitaka miwani, wavae miwani. Halafu wafike kitendo cha nne, sehemu ambayo maonyesho mengi huipita haraka ili Nina arudi na wote walie. Nje kuna upepo mkali. Mwalimu ameshamuoa Masha, mtoto wao yuko nyumbani na hajamuona mama yake kwa siku kadhaa, na Masha hataki kuondoka. Masha anamwomba baba yake ampe mumewe farasi. Farasi wametoka stesheni sasa hivi, baba anajibu, hawawezi kutumwa tena. Mwalimu anasema basi atatembea, ni versti 6 tu. Anambusu mama mkwe mkono, mama mkwe anautoa shingo upande, naye anawaaga wote: asingemsumbua mtu, ni vile tu kuna mtoto. Anatoka kwa mwendo wa mtu mwenye hatia. Wengine wanajipanga kwa mchezo wao wa meza, na Shamrayev anasema atafika tu, kwani yeye ni jenerali?